Jedwali la Student na Kikokotoo cha Grafu

Mpishi mwenye sufuria kubwa ya mchuzi hanywi mchuzi wote ili ajue kama chumvi imekolea. Huchota kijiko kimoja, akaonja, akatoa hukumu juu ya sufuria nzima. Mnunuzi wa karafuu naye hutia mkono katika gunia, akatoa konzi moja, akaitazama rangi yake na ukavu wake, kisha akataja bei ya gunia zima. Kazi hii ya kuhukumu kingi kwa kichache ni ya zamani kama biashara na mapishi. Wataalamu wa takwimu huiita uhitimishaji. Ugumu wake haumo katika kuonja, bali umo katika kujua kijiko kimoja chaweza kuaminiwa kwa kadiri gani, na hasa ikiwa mchuzi wenyewe haukukorogwa.

Baina ya mwaka 1908 na mwaka 1996, hesabu ya kulijibu swali hilo ilihama mara mbili. Kwanza ilitoka katika vipande vya kadi vilivyochanganywa kwa mkono, ikaingia katika jedwali lililopigwa chapa. Kisha ilitoka katika jedwali, ikaingia katika mashine ndogo ya betri ambayo mwanafunzi huichukua mfukoni. Kila uhamaji ulipunguza jasho, na hapana mtu mwenye akili atakayesikitika kwa kupunguziwa jasho. Walakini historia ya vyombo hivi ina fundisho moja ambalo aghalabu husahauliwa: chombo kinapoondoka, mazoea yaliyozaliwa nacho si lazima yaondoke pamoja nacho. Jedwali limekwisha kuwekwa kabatini, lakini mipaka iliyowekwa kwa sababu ya udogo wa ukurasa wake ingali ikitawala fikira za watu ambao hawajalifungua kamwe.

Asili ya habari hii ni kiwanda cha bia. Mwaka 1899 kampuni ya Guinness ya mjini Dublin ilimwajiri kijana Mwingereza aliyeitwa William Sealy Gosset, mzaliwa wa Canterbury wa mwaka 1876, aliyekuwa amesoma hesabu na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kuajiri vijana wenye elimu ya sayansi ili waichunguze kazi ya kutengeneza bia tangu shayiri shambani, kimea ghalani, na maua ya hopsi yanayotia bia uchungu, mpaka pipa lenyewe. Kila jaribio lilikuwa ghali na lilichukua muda. Mtu aliyetaka kulinganisha aina mbili za shayiri alipata mashamba machache katika msimu mmoja, pengine manne, pengine sita. Hakupata mia nne. Gosset alitakiwa kutoa shauri juu ya mali nyingi kwa kutegemea vipimo vichache mno.

Elimu ya takwimu ya siku hizo haikumsaidia. Bwana mkubwa wa elimu hiyo, Karl Pearson wa University College, London, alizoea kufanya kazi na sampuli za mamia na maelfu. Sampuli inapokuwa kubwa, mtawanyiko wa vipimo vyake hukaribia sana mtawanyiko wa kweli, na mkokotoaji aweza kuutumia bila wasiwasi. Lakini vipimo vikiwa vinne tu, mtawanyiko unaopatikana ni wenyewe wa kubahatisha: leo utakuwa mdogo mno, kesho mkubwa mno. Mtu akiutumia kana kwamba ni wa kweli hujipa uhakika ambao hana. Mwaka 1904 Gosset aliiandikia kampuni yake taarifa juu ya matumizi ya kanuni ya makosa katika kazi ya kiwanda, akashauri kwamba mtaalamu wa hesabu aulizwe. Mwaka 1905 alionana na Pearson, na baina ya mwaka 1906 na 1907 alikaa London akisoma katika maabara yake.

Njia aliyoitumia yastahili kuelezwa, kwa kuwa inaonyesha jinsi hesabu ilivyokuwa kazi ya mikono. Kwanza alitafuta kwa kalamu umbo la mchirizo ambao wastani wa sampuli ndogo ungeufuata, wastani huo ukigawanywa kwa mtawanyiko wa sampuli yenyewe. Alilipata umbo hilo, lakini uthibitisho wake haukukamilika. Palikuwa na hatua ambayo aliivuka kwa kukisia vizuri. Basi akataka kulijaribu. Katika jarida la Biometrika palikuwa pamechapishwa vipimo vya wahalifu 3,000, urefu wa kila mmoja na urefu wa kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto. Gosset alivinakili vipimo hivyo juu ya vipande 3,000 vya kadi, akavichanganya sana, kisha akavitoa kimoja kimoja na kuvigawa katika mafungu ya vinne vinne. Akapata sampuli 750. Kwa kila sampuli alikokotoa wastani na mtawanyiko, akalinganisha alichokipata na umbo alilolikisia. Vililingana vya kutosha.

Makala yake yalitoka katika Biometrika mwezi wa Machi mwaka 1908. Jina lake halikuandikwa, kwa kuwa kampuni haikuruhusu wafanyakazi wake watoe maandishi kwa majina yao. Juu ya makala palikuwa na neno moja tu, Student, yaani Mwanafunzi. Ndani yake palikuwa na jedwali fupi kwa sampuli za vipimo 4 mpaka 10. Uthibitisho uliopungua ulikuja kuletwa na kijana mwingine, Ronald Aylmer Fisher, ambaye mwaka 1912 alimpelekea Gosset hesabu iliyokamilika. Katika miaka ya 1920 wawili hao walilipa jedwali umbo jipya na kipimo chenyewe herufi ambayo kinajulikana kwayo mpaka leo, herufi t.

Miongoni mwa mifano ya mwaka 1908 mmoja umekuwa maarufu kupita yote. Wagonjwa 10 katika hospitali ya wenye maradhi ya akili huko Kalamazoo, Michigan, walikuwa wamepewa dawa za usingizi kwa zamu, na saa za usingizi zilizoongezeka zikaandikwa. Gosset alizichukua dawa mbili, akatoa tofauti baina yake kwa kila mgonjwa. Tofauti hizo ni 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6 na 1.4. Wastani wake ni saa 1.58. Gosset alifungua jedwali lake, akasema kwamba yaweza kuwekewa dau la karibu 666 kwa 1 kuwa dawa ya pili ndiyo iliyo bora. Msemo huo wa dau wafaa kukumbukwa. Mtu wa kiwandani alitaka kujua aweke dau la kiasi gani. Hakuuliza kama matokeo yamepita mlango au yamezuiliwa mlangoni.

Mlango ulijengwa baadaye. Fisher alianza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini ya London, ambako palikuwa na kumbukumbu za mavuno ya miaka mingi. Alifanya hesabu zake kwa mashine ya Kiswisi iliyoitwa Millionaire, chombo kizito cha chuma ambacho kila tarakimu ya kuzidisha ilihitaji mzunguko mmoja wa mkono. Katika maabara ya Pearson mashine za Brunsviga zilizungushwa na makarani wa hesabu, na wengi wao walikuwa wanawake wenye elimu ambao kazi yao ilikuwa kukokotoa majedwali mchana kutwa. Zamani hizo neno kompyuta katika Kiingereza lilikuwa jina la mtu, si jina la kitu. Kila tarakimu iliyochapwa ilikuwa imelipiwa kwa saa za binadamu.

Kwa sababu hiyo jedwali halikuweza kusema kila kitu. Mwaka 1925 Fisher alitoa kitabu chake cha njia za takwimu kwa watafiti, kilichochapwa Edinburgh. Jedwali la t lililomo lilikuwa na mistari 30 kwa sampuli ndogo, na mstari mmoja wa mwisho kwa sampuli kubwa isiyo na kikomo. Juu yake palikuwa na safu chache za uwezekano, kuanzia 0.9 na kushuka mpaka 0.1, 0.05, 0.02 na 0.01. Mtafiti alikokotoa t yake, akautafuta mstari wake, akatazama imeangukia baina ya safu zipi. Kwa wale wagonjwa 10 t ni 4.06, na katika mstari wa tisa safu ya mwisho ina 3.250. Jedwali liliweza kusema tu kwamba uwezekano ni chini ya 1 katika 100. Kwa kiasi gani chini, halikusema.

Katika kitabu hicho hicho Fisher aliandika kwamba ni jambo la kufaa kuuchukua uwezekano wa 1 katika 20 kuwa mpaka wa kutenga tofauti za kuangaliwa na zile za kupuuzwa. Alilisema kuwa ni jambo la kufaa, yaani la kurahisisha kazi. Hakulisema kuwa ni sheria ya maumbile. Lakini kitabu kilienea, na pamoja nacho ikaenea safu ya 0.05. Mwaka 1933 Jerzy Neyman na Egon Pearson, mwana wa Karl, walileta fikira nyingine: kwamba mtafiti aweke mpaka wake kabla ya jaribio, akipima hasara ya kukubali uongo na hasara ya kukataa ukweli. Waandishi wa vitabu vya shule walizikoroga fikira mbili hizo katika chungu kimoja. Wakachukua mpaka wa Fisher, wakauvika ukali wa Neyman, na wakaacha yale mashauri ya hasara na faida yaliyoupa mpaka maana. Fisher mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alisema kwamba hapana mtu wa sayansi ambaye hutumia mpaka mmoja mwaka baada ya mwaka katika mambo yote. Maneno hayo hayakuenea kama jedwali lilivyoenea.

Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki aliyesoma hesabu kwa kijitabu cha logariti anaelewa vema jinsi karatasi inavyofundisha adabu yake. Anayetumia jedwali kwa miaka mingi huanza kuamini kwamba namba zilizomo ndizo namba zilizoko duniani. Mazoea yana taabu, wasema wahenga, na taabu ya mazoea ya jedwali ni kwamba yalifanana sana na elimu.

Mashine ndogo zilikuja kwa hatua. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha mkononi kilichoweza kutoa logariti na sini, kwa bei ya dola 395. Kijitabu cha logariti kikaanza kufa. Lakini jedwali la t lilibaki, kwa kuwa mashine ilikokotoa t tu na haikujua uwezekano wake. Mwaka 1985 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa fx-7000G, kikokotoo cha kwanza kilichochora grafu juu ya kioo chake. Mwaka 1990 Texas Instruments ilifuata na TI-81, iliyokusudiwa shule. Hatua kubwa kwa takwimu ilikuwa TI-83 ya mwaka 1996. Ndani yake palitiwa orodha nzima ya vipimo vya uhitimishaji: kipimo cha t kwa sampuli moja na kwa sampuli mbili, vipimo vya uwiano, mipaka ya makadirio, na vinginevyo. Ilikuwa na kioo cha nukta 96 kwa 64 na betri nne ndogo. Mwaka uliofuata, 1997, shule za sekondari za Marekani zilifanya kwa mara ya kwanza mtihani wa takwimu wa kiwango cha chuo, na watahiniwa zaidi ya 7,000 waliukabili. Walitarajiwa kuja na kikokotoo cha namna hiyo.

Yafaa kuona mashine hiyo inafanya nini kwa wale wagonjwa 10. Mwanafunzi huandika tofauti kumi katika orodha, huchagua kipimo cha t, huiambia mashine kwamba dhana inayojaribiwa ni ya tofauti ya sifuri, kisha hubonyeza kitufe kimoja. Kabla hajavuta pumzi, kioo chaonyesha t kuwa 4.062, P kuwa 0.0028, wastani 1.58, na mkengeuko sanifu 1.23. Akiitaka mipaka ya makadirio kwa kiwango cha 95 katika 100, mashine humpa 0.70 na 2.46: njia ya kuweka mipaka ambayo, ikirudiwa mara nyingi, huuzingira wastani wa kweli mara 95 kati ya kila 100. Kazi ambayo Gosset aliitengenezea kadi 3,000 imekwisha.

Faida hii si ndogo. Jedwali lilisema chini ya 1 katika 100. Mashine yasema karibu 3 katika 1,000. Ukungu uliokuwa baina ya safu na safu umeondoka. Mtu angetazamia basi kwamba mpaka wa 1 katika 20 nao ungeondoka, kwa kuwa sababu yake ya karatasi haipo tena. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Mwanafunzi huipata P yenye tarakimu nyingi, kisha huitazama kwa swali moja tu: je, iko chini ya 0.05? Akipata 0.049 hufurahi, akipata 0.051 huhuzunika, ilhali vipimo viwili hivyo havina tofauti ya kusemwa. Amepewa rula yenye alama za milimita, naye huitumia kuuliza tu kama nguo inapita mlangoni au haipiti.

Kuna hasara nyingine iliyojificha zaidi. P hiyo si uwezekano wa dhana kuwa kweli. Ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hiyo, au kubwa kuliko hiyo, ikiwa dhana ya kutokuwapo tofauti ni kweli na vipimo vimepatikana kwa haki. Katika enzi ya jedwali, mtu aliyetoka jasho kwa saa nzima alipata angalau nafasi ya kujiuliza anatafuta nini. Kioo hujibu kabla swali halijakamilika kichwani. Ndiyo maana wasahihishaji wa mtihani ule wa Marekani hawakuridhika na jibu la mashine peke yake. Walimtaka mtahiniwa ataje dhana zake, athibitishe kwamba masharti ya kipimo yametimia, aonyeshe hesabu, kisha aeleze kwa maneno matokeo yana maana gani katika jambo lililoulizwa. Kati ya sehemu nne hizo, mashine huifanya moja.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuilaumu mashine kwa makosa ya mtumiaji, kwa kuwa ndani yake mna dawa ya baadhi ya makosa hayo, na dawa hiyo imo katika jina lake. Ni kikokotoo cha grafu. Mwanafunzi akiziweka tofauti kumi zile katika mchoro wa sanduku, ataona sanduku fupi baina ya 1.0 na 1.8, na nukta moja peke yake mbali kulia, kwenye 4.6. Huyo ni mgonjwa wa tisa, ambaye tofauti yake baina ya dawa mbili ilizidi ya wenzake wote. Jicho humwona mara moja. Katika tarakimu za P hayumo.

Kisha mwanafunzi aweza kufanya jambo ambalo Gosset asingelifanya bila kutumia muda: amwondoe mgonjwa huyo, abonyeze tena. Wastani hushuka toka 1.58 hadi 1.24, kama inavyotazamiwa, kwa kuwa ameondolewa shahidi mwenye nguvu kuliko wote. Lakini t haishuki. Hupanda, toka 4.06 hadi karibu 5.66. Aliyedhani kwamba t hupima wingi wa faida atashangaa. Sababu ni kwamba mgonjwa wa tisa alikuwa akiongeza mtawanyiko kuliko alivyokuwa akiongeza wastani. Alipotoka, waliobaki walikuwa wakisema neno moja kwa sauti moja. Fundisho hilo juu ya maana ya t lilikuwa likichukua asubuhi nzima ya kukokotoa. Leo lachukua dakika mbili, na ni mwalimu asiyelitafuta ndiye anayelikosa. Si kwamba mgonjwa huyo afutwe katika kumbukumbu. Mwenye haki hafuti shahidi kwa sababu ushahidi wake unamsumbua. Kinachotakiwa ni kumjua kwamba yuko.

Lakini kuna mambo ambayo hata grafu haiyaoni. Katika makala ya mwaka 1908 majina ya zile dawa mbili yaliandikwa visivyo; Gosset alikosea alipozinakili kutoka kwa maandishi ya waliofanya jaribio. Fisher alizichukua tarakimu hizo hizo mwaka 1925, na vitabu vingi vikazinakili baada yake. Hesabu ilikuwa sawa kila mara. T ilikuwa 4.06 chini ya majina mabaya, na itakuwa 4.06 chini ya majina mema, kwa kuwa mashine hupokea namba, wala haiulizi zimetoka wapi.

Gosset mwenyewe alitoa mfano mkubwa zaidi wa jambo hili. Mwaka 1930, katika wilaya ya Lanarkshire huko Uskoti, lilifanywa jaribio la kuwapa watoto wa shule maziwa. Watoto 10,000 walipewa robo tatu ya painti kila siku kwa muda wa miezi minne, na wengine 10,000 hawakupewa. Wote walipimwa uzito na kimo mwanzoni na mwishoni. Kwa ukubwa wa sampuli, Gosset wa kiwandani asingeota kupata vipimo vingi namna hiyo. Lakini watoto walipokwisha kugawanywa, walimu waliruhusiwa kubadilisha baadhi yao pale walipoona kwamba kundi moja lina watoto dhaifu wengi kuliko jingine. Mwaka 1931 Gosset aliandika katika Biometrika kwamba mwanzoni mwa jaribio watoto wasiopewa maziwa walikuwa wazito na warefu kuliko waliopewa. Alieleza sababu kwa huruma: mwalimu akiwaona watoto wawili, mmoja amekonda na mwingine ameshiba, ni vigumu mkono wake usimpe maziwa aliyekonda. Akaongeza kwamba watoto walipimwa na nguo zao, mwanzoni wakati wa baridi na mwishoni karibu na joto. Na mtoto wa maskini, ambaye hakuwa na nguo nzito za kuvaa, hakuwa na nguo nzito za kuvua. Uzito wa nguo uliingia katika hesabu ya maziwa. Gosset alisema kwamba jozi 50 za mapacha wanaofanana kabisa zingetoa jibu la kuaminika zaidi, tena kwa gharama ndogo.

Hapa ndipo mfano wa mpishi unapopata uzito wake. Watoto 20,000 ni kijiko kikubwa sana, lakini mchuzi haukukorogwa. Vipimo hivyo vikitiwa katika kikokotoo chochote, P itakayotoka itakuwa ndogo mno, na udogo wake utakuwa ni wa kupotosha. Ukubwa wa sampuli hupunguza makosa ya kubahatisha; hauondoi upendeleo, bali huupa sauti ya uhakika.

Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko juu ya thamani ya P. Miongoni mwa kanuni zake sita ilikuwamo ile isemayo kwamba hitimisho la sayansi au uamuzi wa kazi usitegemee tu kama P imepita mpaka fulani. Ni ajabu kidogo kwamba ilibidi chama cha wataalamu kiliseme jambo hilo miaka 91 baada ya kitabu cha Fisher na miaka 20 baada ya kikokotoo cha TI-83, wakati ambapo kila mwanafunzi angeweza kuipata P kamili bila safu yoyote. Ajabu hupungua mtu akikumbuka kwamba vitabu, mitihani, wahariri wa majarida na watoaji wa fedha za utafiti wote walijifunza katika shule ya jedwali, au walifundishwa na waliojifunza humo. Chombo kipya kiliingia katika nyumba ya zamani, kikawekwa mahali pa chombo cha zamani, kikapewa kazi ile ile.

Katika barua aliyomwandikia Pearson mwaka 1905 Gosset alikuwa ameligusa swali ambalo jedwali lilikuja kulifunika. Aliuliza ni kadiri gani ya uwezekano itoshe kuhesabiwa kuwa uhakika, akaona kwamba jambo hilo lategemea faida itakayopatikana kwa kufuata matokeo, ikilinganishwa na gharama ya kuongeza majaribio. Kwa mbegu ya shayiri ambayo itapandwa katika mashamba ya nchi nzima, kadiri moja. Kwa badiliko dogo la siku moja kiwandani, kadiri nyingine. Kwa dawa inayoweza kuua, kadiri nyingine tena. Swali hilo halina kitufe, wala halikuwa na safu. Lina mtu wa kulijibu, naye ni yule anayejua shamba, mgonjwa, mtoto na fedha.

Mwalimu wa takwimu basi hana sababu ya kuwarudisha wanafunzi wake kwenye jedwali, kama vile hana sababu ya kuwakatisha kadi 3,000. Anayo sababu ya kuwataka, kabla ya kubonyeza, waandike kwa maneno yao vipimo vimetoka wapi, nani aliyechagua nani apewe nini, na hasara ya kukosea itamwangukia nani. Na baada ya kubonyeza, wachore grafu, waitazame, ndipo waseme. Dakika ambazo mashine imeziokoa zatosha kwa kazi hiyo.